Fokasi haitulii na video inatetemeka: kosa la programu, la simu au langu?

#1 Fundi Mshale

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kurekebisha saa za mkononi, na kwa muda sasa nimekuwa nikirekodi kazi hiyo kwa simu: nafungua saa, naonyesha gurudumu lililolika, nasafisha, narudisha. Programu ya kamera iliyokuja na simu hainiachii nipange mwanga mwenyewe, kwa hiyo natumia nyingine niliyoipakua. Jina lake naliacha, sitaki uzi ugeuke vita vya mashabiki.

Zamani mambo yalikuwa shwari. Mwezi uliopita ikaja apdeti, na tangu hapo ni balaa. Nashika skrubu kwa kibano, inaonekana safi, hata ukungu wa vidole vyangu juu yake unauona. Sekunde tatu hivi, fokasi inahama, picha inayeyuka, mistari ya mbao za meza nyuma inakuwa kali, skrubu inakuwa doa. Kisha inarudi. Kisha inakwenda tena. Mtazamaji mmoja kaniandikia kwamba video yangu imemtia kizunguzungu.

La pili: simu iko kwenye stendi, stendi iko mezani, hakuna anayeigusa, lakini picha inatetemeka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyogongwa. Na nikiitoa kwenye stendi nikatembea nayo, picha inapanda na kushuka kila hatua.

Nimefuta programu nikaiweka upya. Nimewasha kila kitufe chenye neno "tuliza". Ikawa mbaya zaidi. Msaada tafadhali, kabla sijairusha hii simu.

#2 Kiti cha Nyuma

Naweka kambi hapa. Yangu nayo haifokasi siku hizi, kila kitu kama kipo nyuma ya moshi. Nahisi haya makampuni yanafanya makusudi ili tununue simu mpya.

#3 Jicho la Tatu

Fundi, pole. Umeleta matatizo matatu ukayafunga kamba moja, ndiyo maana huyaoni. Fokasi kutafutatafuta ni jambo lake. Kutetemeka kwenye stendi ni jambo lake. Kupanda na kushuka ukitembea ni jambo lake, na hilo la mwisho hata simu nzima kabisa inalifanya.

Kwanza nijibu haya. Lenzi umeifuta lini, kwa kitambaa laini, siyo kwa ncha ya shati? (Na wewe wa #2, swali hili ni lako pia.) Simu iko umbali gani kutoka kwenye saa? Unarekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) ngapi kwa sekunde? Na la maana kuliko yote: ukifungua kamera iliyokuja na simu, pale pale, mwanga ule ule, matatizo yanabaki yote?

#4 Kiti cha Nyuma

Mkuu mimi siyo mtoto, lenzi naijua.

#5 Fundi Mshale

Lenzi nimeifuta kwa kile kitambaa cha kufutia vioo vya saa, ni safi. Umbali nimepima kwa rula: sentimita 13. Fremu 60. Taa ya mezani iko upande wa kushoto.

Nimejaribu kamera ya simu yenyewe sasa hivi. Ajabu: fokasi inatulia, au tuseme inasumbua mara chache sana. Lakini kule kutetemeka kwenye stendi kupo vilevile.

#6 Jicho la Tatu

Umejipa nusu ya jibu. Tatizo lililobaki kwenye kamera ya simu haliwezi kuwa la programu uliyopakua. Lililoondoka, ndilo la programu, au la namna programu inavyoiamuru lenzi.

Nianze na umbali, maana hapo una kosa lako mwenyewe. Sentimita 13 ni karibu mno kwa lenzi kuu ya simu nyingi za sasa. Kihisi kikubwa (kile kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi) kinaleta picha nzuri gizani, lakini kinaisukuma mbali ile sehemu ya karibu kabisa ambayo lenzi inaweza kuifikia. iPhone 14 Pro, kwa mfano, lenzi yake kuu haishiki kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20. Ukiisogeza karibu zaidi ya hapo inahamia lenzi ya upana (ile inayochukua eneo pana) kimyakimya, ndiyo maana watu huona picha "inaruka" ghafla. Programu ya kupakua mara nyingi haihami. Inang'ang'ania lenzi kuu, inatafuta, inakosa, inakata tamaa na kushika meza.

Tena wewe unapiga vitu vinavyong'aa. Fokasi ya zamani hufanya kazi kwa kulinganisha: lenzi inasogea mbele, inarudi nyuma, inaangalia ni wapi kingo za vitu zinakuwa kali zaidi. Chuma kilichosuguliwa hakina kingo, kina mng'ao tu, na mng'ao unabadilika kila ukigeuza kibano. Simu mpya husaidiwa na pikseli (vidoti vidogo vya kihisi) zinazopima mwanga kutoka pande mbili za lenzi, hivyo zinajua zisogee upande gani bila kubahatisha. Samsung waliweka njia hii kwa kila pikseli kwenye Galaxy S7 mwaka 2016. LG kabla yao walitumia leza kupima umbali kwenye G3, 2014. Lakini hata hizo zikikutana na skrubu ya milimita moja mbele ya mbao zenye mistari mizuri, zinavutwa na mbao. Mistari ile ni karamu kwa fokasi.

Fanya hivi: rudi nyuma hadi sentimita 30, vuta zumu mara 2, na chini ya saa tandika kitambaa cha rangi moja kisicho na mistari. Kisha bonyeza na kushikilia palipo na saa hadi fokasi ifungwe. Usiifungue tena mpaka umalize kipande hicho.

#7 Msimbo

Niongezee la upande wa programu, maana nimewahi kuandika programu ya kamera na jambo hili limenila usingizi.

Kwenye Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, programu huongea na kamera kupitia njia inayoitwa Camera2. Humo fokasi endelevu (inayojirekebisha yenyewe muda wote) ziko mbili. Moja ni ya picha, nyingine ni ya video. Ya picha imeambiwa: shika haraka iwezekanavyo, usijali kama lenzi inaruka na kupitiliza, maana mpigapicha anataka fremu moja tu. Ya video imeambiwa: nenda taratibu, usipitilize, mtazamaji anakuona. Mwandishi wa programu akikosea neno moja tu, akaweka ya picha kwenye kurekodi, unapata hicho hicho anachokisema Fundi. Lenzi inakuwa na wasiwasi. Chochote kikipita mbele, inakurupuka.

Sijaiona programu yake, lakini apdeti kuja na fokasi kuharibika siku hiyo hiyo, dau langu naliweka hapo. Fundi, ingia kwenye setingi, tafuta palipoandikwa fokasi, uone kama kuna chaguo la "endelevu" zaidi ya moja.

Pili, hili la kuwasha kila kitufe. Kuna kutuliza kwa aina mbili. OIS ni ya chuma na koili: jairoskopu (kihisi cha kuinama na kugeuka) inahisi mkono umeinama, lenzi (au kihisi chenyewe) inasogezwa upande wa pili kufidia. Nokia Lumia 920 ya 2012 ndiyo simu ya kwanza kuwa nayo. EIS ni ya hesabu: programu inakata ukingo wa picha, inabaki na akiba pembeni, halafu inaisogeza na kuipinda kila fremu ili mwendo uonekane laini. Ndiyo maana ukiiwasha picha inakuwa kama imesogea karibu.

Sasa, EIS inasoma jairoskopu inaona simu imeinama, inasogeza picha. Lakini lenzi nayo tayari imeshasogea. Kama hazipeani habari, mwendo mmoja unafidiwa mara mbili. Kamera ya kiwandani inazifanya ziongee. Programu ya kupakua mara nyingi hainyimwi tu habari hizo, hata haijui kama zipo. Maelekezo ya Android yenyewe yanashauri zisiwashwe zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo pale ulipowasha kila kitufe, uliwapa madereva wawili usukani mmoja.

Na la tatu: Android inahakikisha EIS ifanye kazi kwa video isiyozidi 1920 × 1080 na fremu 30. Zaidi ya hapo ni hiari ya mtengeneza simu. Uko kwenye fremu 60. Kitufe kinaweza kuwaka kijani na nyuma yake hakuna kinachofanyika.

#8 Mwalimu wa Zamu

Samahani kuingilia, uzi mtamu. Mimi narekodi vipindi, simu iko kwenye stendi, mimi nasimama ubaoni. Nikisogea upande, fokasi inanifuata. Nikiinama kuchukua chaki, inakwenda ubaoni, nikiinuka inachelewa kurudi, sekunde nzima mimi ni mzimu. Je, na mimi ni hiyo hiyo "ya picha"?

#9 Jicho la Tatu

Mwalimu, shikamoo. Lako ni jepesi kuliko la Fundi. Wewe na ubao mko karibu umbali ule ule kutoka kwenye simu, mita tatu au nne. Kwa umbali huo lenzi ndogo ya simu inashika vyote viwili bila shida. Weka kiti pale utakaposimama, bonyeza kwa muda kwenye mgongo wa kiti hadi fokasi ifungwe, ondoa kiti, anza kufundisha. Funga na mwanga pia, maana ukisogea mbele ya ubao simu inatia giza na kung'aa, na watu wengi wanadhani hiyo nayo ni fokasi.

Na ukiwa kwenye stendi, zima EIS. Ikiwa haina la kutuliza, inaanza kutuliza wewe: ukitembea mbele ya kamera, inadhani dunia ndiyo inayotembea, na picha inavutwa kidogo kukufuata.

#10 Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Kumbe ndicho kinachoufanya ubao wangu utembee! Nilidhani ni macho.

#11 Msimbo

Jicho, hapo kwenye ubao kutembea sikubaliani nawe moja kwa moja. EIS za simu nyingi zinasikiliza jairoskopu, na jairoskopu kwenye stendi haioni mwendo wowote, hata mwalimu acheze ngoma mbele yake. Zinazovutwa na mtu anayepita ni zile zinazosoma picha yenyewe, kama programu za kuhariri. Ubao kutembea kwenye stendi kunaweza pia kuwa ni jairoskopu inayojidanganya kidogo kidogo, hesabu zinakusanya kosa dogo kisha zinarudisha ghafla.

Tiba ni ile ile lakini. Kwenye stendi, zima.

#12 Jicho la Tatu

Nimekubali, mkuu. Mimi nimeyaona zaidi kwenye kuhariri, nikayachanganya.

#13 Gurudumu Mbili

Nimesoma kule kutetemeka kwa Fundi kama maji ya ndoo, nikakumbuka kilichonipata. Mwaka mzima nilifunga simu kwenye usukani wa pikipiki kutazama ramani. Siku moja nafungua kamera, picha inarukaruka hata nikiilaza simu mezani. Ukiweka sikio unasikia mvumo, kama nzi kafungiwa kwenye kiberiti. Lenzi ilikuwa inajaribu kutulia, haiwezi.

Baadaye nikajua kwamba Apple wenyewe walishatoa angalizo mwaka 2021: mitetemo mikali ya injini kubwa za pikipiki, ikipita kwenye usukani hadi kwenye simu, inaweza kuharibu OIS na fokasi. Na siyo za kwao tu, kitu chochote chenye lenzi inayoelea kiko hatarini. Fundi, simu yako imewahi kukaa kwenye pikipiki, au karibu na mashine inayotikisika?

Angalizo kwa wengine: ukiitikisa simu ikiwa kamera imezimwa ukasikia kitu kinagonga kidogo ndani, usiogope. Hiyo ni lenzi imelala tu. Kamera ikiwashwa inashikwa na mlio unakoma. Kibaya ni mvumo unaosikika kamera ikiwa *imewashwa*.

#14 Fundi Mshale

Pikipiki sina. Mashine yangu kubwa kuliko zote ni ya kusafishia saa, na iko chumba kingine.

Nimeweka sikio. Mvumo upo, mdogo. Unakuja na kupotea.

Kwenye setingi nimekuta kweli chaguo mbili, "endelevu" na "endelevu (video)". Ilikuwa kwenye ya kwanza. Naapa sikuigusa mimi. Nimebadilisha, nimerudi sentimita 30, nimetandika kitambaa cheusi. Fokasi imetulia kama imepigwa msumari. Msimbo, dau lako umeshinda. Kutetemeka bado.

#15 Gurudumu Mbili

Simu imevaa nini mgongoni?

#16 Fundi Mshale

Kava jipya. Lina pete ya kushikia kidole, na nyuma yake kuna kibati chenye sumaku cha kunasa kwenye stendi ya sumaku. Mbona?

#17 Gurudumu Mbili

Livue.

#18 Kiti cha Nyuma

Jamani hii ya sumaku ni hadithi za mitaani. Sumaku ziliharibu runinga za zamani na kanda za kaseti. Simu haina kitu cha kuharibiwa na sumaku. Wengine tuna kava za hivyo na hazina shida.

#19 Msimbo

Kumbukumbu ya simu, kweli, haijali sumaku ya kava. Lenzi ni habari nyingine. Inasogezwa na koili ndogo iliyo ndani ya uga wa sumaku: umeme ukipita kwenye koili, lenzi inasukumwa. Ndivyo spika inavyofanya kazi pia. Kisha kuna vihisi vinavyopima uga huo huo ili kujua lenzi imefika wapi. Ukileta sumaku ya nje karibu, vihisi vinasoma uongo. Mfumo unaamini lenzi imehama kumbe haijahama, unaivuta irudi, inapitiliza, unaivuta tena. Huo ndio mtetemeko na huo ndio mvumo.

Haiharibiki, inachanganyikiwa. Sumaku ikiondoka inarudi akili. Na umbali ni kila kitu: pete ikiwa katikati ya mgongo wa simu huenda usione chochote, ikiwa kidole kimoja chini ya kamera unaona. Ndiyo maana kava lako halina shida na la mwenzio linayo.

#20 Fundi Mshale

Wakuu, nimefanya jaribio kama tunavyopima saa, kitu kimoja kwa wakati. Nimechapisha ukurasa wenye maandishi madogo, nimeubandika ukutani. Simu nimeilaza kwa ubavu juu ya rundo la vitabu, bila kava, bila stendi. EIS imezimwa. Nimerekodi dakika moja. Maandishi yamesimama kabisa, hata nukta.

Kisha, nikiwa bado narekodi, nimelisogeza kava polepole kutoka upande wa chini wa simu kwenda juu. Likiwa mbali, hakuna kitu. Lilipofika karibu upana wa vidole viwili chini ya kamera, herufi zikaanza kutetemeka. Upana wa kidole kimoja, mstari mzima ukaruka juu, ukashuka, na ukungu ukaingia. Nikaliondoa, ukurasa ukatulia hapo hapo. Nimerudia mara tano.

Na stendi yangu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana ina sumaku kubwa inayonasa kile kibati. Kwa hiyo kadiri nilivyoiweka simu "imara", ndivyo nilivyoisogeza kwenye ugonjwa. Mimi! Mtu ninayewaambia wateja kila siku wasiweke saa juu ya spika.

#21 Gurudumu Mbili

😂😂 Fundi wa saa kushikwa na sumaku!

#22 Jicho la Tatu

Safi sana. Jaribio hilo la ukurasa watu walibandike mahali.

Limebaki la kutembea, na hapo sina dawa ya kumeza. Jairoskopu inapima kuzunguka: simu kuinama, kugeuka, kulala upande. Haipimi kwamba umeinuka sentimita 4 na kushuka sentimita 4 kila hatua. OIS haioni kitu cha kufidia. EIS nzuri inapunguza kidogo, lakini kitu kilicho karibu nawe kitaendelea kupanda na kushuka dhidi ya kilicho mbali, na hakuna hesabu ya kukata kingo itakayofuta hilo. Gimbali (kishikio chenye mota za kutuliza simu) ya kawaida nayo inashughulika na kuzunguka tu, ndiyo maana wanaozinunua bado wanafundishwa kutembea.

Kwa hiyo jifunze kutembea. Magoti yalegee, kisigino kitangulie, mguu uviringe hadi vidole, mikono miwili kwenye simu, viwiko vibane mbavu. Utaonekana kama mtu anayenyatia kuku lakini video itatulia. Tumia lenzi ya upana, siyo zumu, maana zumu inakuza na mtikisiko.

Usiku ni suala lingine. Gizani simu inaacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu, 1/30 ya sekunde au karibu na hapo. Mkono ukitikisika ndani ya muda huo, fremu yenyewe inapata ukungu. EIS inakuja baadaye, inaipanga fremu mahali pake vizuri kabisa, lakini ukungu iliozaliwa nao haiwezi kuutoa. Matokeo: taa zimesimama, halafu kila hatua zinapigapiga mikia. Ukiona hivyo, panda hadi 1/100 ukubali giza kidogo, au zima EIS uache mtikisiko wa kawaida. Mimi nachagua mtikisiko. Jicho la mtu linausamehe, mikia ile haliisamehi.

#23 Mwalimu wa Zamu

Kiti na kufunga fokasi vimefanya kazi. Wanafunzi wameuliza kama nimenunua kamera.

#24 Fundi Mshale

Hitimisho langu la leo: fokasi endelevu ya video, na naifunga kabisa nikifika kwenye skrubu. OIS imebaki, EIS imezimwa nikiwa mezani. Fremu 30. Kava nimempa jirani mwenye simu ya vitufe. Watengenezaji wa programu nimewaandikia kuhusu ile fokasi kuhama yenyewe baada ya apdeti, bado kimya. Kutembea nimeanza kujifunza koridoni, mke wangu kauliza kama nimeumia mguu.

#25 Jicho la Tatu

Kiti cha Nyuma, na wewe yako imefikia wapi? Ule moshi?

#26 Kiti cha Nyuma

Nimefuta lenzi. Tuendelee na mengine.